Kipofu wa Tanuri la Iliki

Mama huhesabu kwa vidole tisa.
Akifika kumi husema, "na yule aliyekwenda,"
kisha anaendelea, kumi na moja, kumi na mbili:
magunia ya iliki, deni la chumvi, siku za mvua.

Kidole cha shahada kilikwenda mwezi wa nane,
mwaka ule mto Tamor ulipobeba daraja letu.
Alikuwa anachomoa kuni nyuma ya tanuri,
usiku, kurunzi mdomoni,
maana iliki mbichi haingoji kupambazuke;
ikichelewa inachacha, na mnunuzi wa Birtamod
anamshinda mbwa kwa pua.
Alishika gome.
Gome likamshika.

Huku milimani nyoka huyu tunamwita kipofu.
Mfupi, mnene, rangi ya udongo wa shamba,
mabaka mgongoni kama viraka
vilivyoshonwa na mtu asiye na haraka.
Mchana unampita hatua moja tu, hajisumbui,
na watu hudhani haoni.
Mwalimu Yehang alituchorea ubaoni:
kila upande, kati ya jicho na pua, kishimo,
na kwa kishimo hicho anaona joto.
Panya kwake ni kaa linalotembea.
Mkono wa Mama, gizani, ulikuwa mwenge.

Baba alimbeba ndani ya tenga,
mkanda kwenye paji la uso, kama mzigo wa viazi,
saa sita za kuteremka, mkono unavimba
mpaka bangili ikabidi ikatwe kwa msumeno.
Kituoni dawa ilikuwepo, ndani ya jokofu,
chupa kumi safi kabisa:
dawa ya nyoka wa tambarare.
Huyu wa kwetu hakuandikwa kwenye lebo.
Basi tukangoja. Kidole hakikungoja.

Mwaka huu tulipohamisha mawe nyuma ya tanuri
wifi yangu Phungma aliinua ubao, akauacha wima, akarudi kinyumenyume
bila kupiga kelele.
Nyoka amejizungusha juu ya mayai yake,
meupe, yamelegea kama sabuni iliyolowa.
Sesehang alikuwa tayari na mundu.

"Ngoja," Mama akasema.
Tulidhani anautaka mundu yeye.

Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Mama alichuchumaa mbele ya nyoka mwenyewe,
mkono wenye pengo ameukunja kwapani,
akatazama kwa muda mrefu, kama anayesoma barua
iliyochelewa miaka tisa.
"Huyu ndiye!" kaka akafoka. "Ndio hawa hawa!"
"Usiku ule," Mama akajibu, si kwake hasa,
"sikutazama chini ya gome kulikuwa na nini."

Akarudisha ubao mwenyewe, taratibu.
"Kuni mtachukua upande wa barabara."

Wiki sita tukazunguka na mizigo ya kuni,
kupitia kwa mbuzi, kupitia topeni,
tukinung'unika kila mtu kwa sauti yake.
Bei ya iliki ikashuka. Mnunuzi akacheka
alipoambiwa kwa nini tanuri letu lina mlango mmoja.
Sesehang akaanza kulala na buti.

Kisha asubuhi moja ubao ulikuwa mwepesi.
Maganda, yamechanika, hayana mtu.
Mama aliyahesabu: nane.
Akabakiwa na kidole kimoja hewani,
akakitazama, akakikunja.
Akayazoa kwa koleo, akayatupa motoni.

Nane, na kila mmoja katoka yaini
na sumu yake tayari,
wako hapo chini ya majani ya iliki, wembamba kama kamba ya kiatu,
nasi mavuno hayajafika nusu.
Nilimwambia hivyo.
"Najua," akasema, akanipa noti mbili zilizokunjwa.
"Nenda sokoni. Glovu za ngozi, jozi tano.
Za kwangu uliza kama wanapunguza bei."